Wa Dodoma na Upondo

Cambridge haina kanisa kuu la askofu, na kwa mazoea ya Waingereza mji wa namna hiyo haukutarajiwa kuitwa jiji. Heshima hiyo iliupata mwaka 1951 tu. Rafiki yangu wa Dodoma alipolisikia hilo ndani ya treni alipiga hesabu papo hapo. Dodoma ilitangazwa jiji mwaka 2018.

“Wametutangulia miaka 67, na chuo kikuu wanacho tangu 1209! Walikuwa wanangoja nini?”

Mwenzetu mwingine, dada wa Nakuru, ambako ujiji uliingia 2021, alitazama dirishani. Wa Dodoma akashuka stesheni kwa mwendo wa mkaguzi.

Ukaguzi ulianzia kwenye nyasi. Nyua za vyuo vya pale zina nyasi zilizokatwa zikalingana, na desturi ni kwamba wanaozikanyaga ni wanazuoni wa chuo wenye hadhi. Mkaguzi alikuwa ameshafika katikati, simu juu, bawabu alipomjia kwa adabu nyingi mno. Adabu ya Kiingereza ni ya kuogopwa: ukiitwa “bwana” mara tatu katika sentensi moja, jua umeharibu. Tulisindikizwa hadi getini. Kilichomuuma zaidi ni kuwaona ng'ombe, ndani ya mji huo huo, wakila majani kwenye uwanja wa Midsummer Common bila kubughudhiwa. “Ng'ombe ana ruhusa, Mgogo hana!”

Kanisa la King's College lilimtuliza. Henry VI aliliasisi mwaka 1446, vita vikaukatiza ujenzi, na jengo la mawe likakamilika 1515. Dari lake nililitazama hadi shingo ikagoma.

Kisha ukaja mto Cam. Mashua zake ni bapa, na mwendeshaji husimama nyuma akisukuma kwa upondo. Wenzangu waligeuka kunitazama, eti mimi ni mtu wa Tanga. Lakini nimekulia Ngamiani. Samaki nimewajulia Soko la Mgandini, wakiwa wameshakufa. Wa Dodoma akaunyakua upondo.

Mambo yalikuwa shwari hadi kwenye daraja la mbao la Queens' College. Hapo mwongozaji wa mashua ya jirani akawaambia wageni wake kwamba daraja lile alilijenga Newton, bila msumari hata mmoja. Dada wa Nakuru ni mhasibu, na hesabu isiyofunga humkosesha usingizi. Akamweleza kwa sauti: daraja ni la 1749, Newton alifariki 1727, na boliti hizo hapo zinaonekana. Wa Dodoma akageuka kusikiliza, wakati huo huo akiukita upondo kwa nguvu zake zote.

Chini ya Cam kuna tope. Tope likaung'ang'ania upondo, mashua ikaendelea na safari, naye ikabidi achague. Akachagua upondo. Kwa sekunde chache alibaki ameukumbatia juu ya maji, mguu mmoja ukiitafuta mashua, kisha upondo ukaanza kuinama polepole, kwa adabu ile ile ya bawabu. Maji yalimfika kiunoni. Watalii wakapiga makofi, mwongozaji kuliko wote.

Mchana uliobaki uliishia kwenye duka la mitumba la hisani, ambako suruali pekee iliyomwenea ilikuwa ya kijani kibichi. Basi, msomaji, ukifika Cambridge na upondo ukinasa, uachie. Kafi ya kuurudia imo ndani ya mashua.