Muulize Shangazi Mjuaji

*Shangazi, shikamoo. Kila Jumamosi naoka biskuti huku nikisikiliza piano, ile ya Wazungu wa kale. Biskuti ama zinatambaa zikashikana kuwa chapati moja ya trei nzima, ama zinaungua. Mume wangu anasema nichague moja, piano au biskuti. Nifanyeje? — Mpika Makaa, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuja kwangu moja kwa moja. Wajuao kuoka wapo, wajuao piano hawakosi, lakini aliyefunga elimu zote mbili katika pindo moja la kanga ni mimi.

Tena mimi si msikilizaji tu. Usichana wangu nilipangusa vumbi piano ya kanisa kwa miaka mitatu, vibonye vyote 88, kuanzia mkono wa kushoto anakonguruma simba hadi wa kulia wanakolia vifaranga. Siku moja nilipangusa kwa hisia kali mno, padri akatoka mbio na sabuni ya kunyolea shavuni. Jioni ile piano ikatiwa kufuli. Nilielewa: baada yangu, nani tena angethubutu kuigusa?

Ulisema nini vile? Ndiyo, chapati. Siagi huyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hadi 35, na jikoni Tanga mwezi wa pili ndilo joto lenyewe. Siagi yako imekata tamaa kabla hujawasha oveni. Ikiingia motoni inatimua mbio na sukari, huku unga haujapata hata nafasi ya kukaza. Donge likae kwenye friji nusu saa. Marehemu bibi yangu hakuwa na friji, naye hakuoka biskuti za siagi. Alifanya vileja: unga wa mchele, samli, sukari, hiliki. Kisha alipalia, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, na vileja vikatoka vimesimama kama askari wa gwaride. Kipaji hicho kiliruka kizazi cha mama yangu kikatua kwangu chote. Dada zangu wanalijua hilo ingawa hawalisemi.

Sasa kuungua. Hukuniambia unaoka kwa muziki gani, na hapo ndipo shida ilipolala. Kuna valsi ya Chopin watu wanaiita ya Dakika Moja. Ikipigwa na binadamu wa kawaida inakaribia dakika mbili, kwa hiyo anayehesabu valsi sita ili atoe biskuti zake ameshapotea. Au chukua Goldberg ya Bach. Glenn Gould wa Kanada aliirekodi mwaka 1955, ikaisha kwa dakika 38. Akairudia mwaka 1981, ikachukua 51. Kitabu kile kile, mtu yule yule, na tofauti ya dakika 13 ni trei nzima imeiva ikatolewa! Juu ya hayo anaguna humo ndani ya rekodi. Ukisikia mtu anaguna jikoni usimsingizie mumeo.

Na usije ukaoka kwa Satie. Yupo msomaji wangu aliyeanza kipande chake kiitwacho Vexations bila kusoma maelezo. Ni ukurasa mmoja tu, lakini mtunzi ameandika habari ya kukirudia mara 840. New York mwaka 1963 wapiga piano walipokezana zaidi ya saa 18 ndipo kikaisha. Msomaji yule hakuwa na wa kupokezana naye. Biskuti zake aliziezekea banda la kuku.

Dawa ninayo, nimeigundua mwenyewe na sitaki malipo, ingawa mkono mtupu haulambwi. Oka kwa sonata ya Beethoven ya mwaka 1801, ile ya Mwanga wa Mbalamwezi. (Jina hilo si lake. Alibandikwa akiwa kaburini, kwa sababu mwandishi mmoja wa Kijerumani aliisikia akaona ziwa na mwezi. Mimi naisikia naona kabati la vyombo, lakini mimi hawakuniuliza.) Sehemu ya kwanza ni taratibu, kama dakika sita: biskuti zinalegea, usiziguse. Ya pili ni fupi, dakika mbili hivi: zinapanda. Ya tatu inakuja kwa hasira, vidole vinapanda ngazi vikipiga mlango, na huo mlango ni wa oveni. Chungulia! Ukingo ukiwa rangi ya asali, toa, hata kama Beethoven bado anafoka. Niliwahi kutoa trei kwa mtindo huu mbele ya mashemeji saba, na wawili…

Ngoja. Mita ya LUKU imeanza kulia. Oveni yangu ni ya kilowati mbili, ikiwaka mfululizo inatafuna uniti nzima kwa nusu saa, na mimi nimeiacha ikiwaka tangu nilipokuwa kanisani na kitambaa changu.

Haraka basi. Moto nyuzi 180, dakika kumi hadi kumi na mbili. Zikitoka laini usizirudishe. Zinakauka zenyewe zikipoa, na anayesubiri zikaukie ndani ndiye anayetoa makaa. Usichague lolote. Mume akae na saa ya ukutani mapajani.

*Shangazi, biskuti zangu zina ladha ya sabuni. — Mama Wawili, Kibaha*

Umetia magadi ukidhani ni beking pauda. Magadi ni ya maharage. Uniti 0.3. Wape