Mchimbaji Asiye na Kibali

Kelele zilianza usiku, saa ambazo mtaani kwetu Katuba umeme hukumbuka njia ya kurudi. Feni ya kompyuta ya sebuleni ilinguruma mfululizo na mashine yenyewe haina kazi: hakuna filamu, hakuna mchezo, hakuna barua ya kamati ya harusi inayochapwa. Ukigusa ubavu wake unarudisha mkono haraka. Mke wangu alisema ni vumbi. Lubumbashi vumbi ndilo jibu la kwanza la kila swali, hasa kiangazi, na mara nyingi ni jibu sahihi. Tukalipuliza. Kompyuta ikanguruma vizuri zaidi, maana sasa ilikuwa na hewa ya kutosha.

Baba Mkubwa, anayeishi nasi, hakukubali habari ya vumbi. Yeye ni mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka katika mpango wa kuacha kazi wa 2003 na 2004, na masikio yake yamelelewa na mitambo. Aliketi mbele ya kompyuta, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akatoa hukumu: “Hii mashini inatumika. Swali ni moja, inamtumikia nani?”

Tukamwita fundi, kijana mpole mwenye begi kubwa kuliko yeye. Akakaa, akafungua ile orodha ya Windows inayoonyesha kila programu inakula nguvu kiasi gani. Papo hapo feni ikanyamaza. Akatazama orodha: hakuna kitu, mashine imetulia. Akaifunga. Baada ya kitambo feni ikaanza tena. Akaifungua, kimya. Akaifunga, kelele. Watoto walikuja kutazama, jirani naye akaja, na kila mara orodha ilipofunguliwa watu walicheka.

Baba Mkubwa peke yake hakucheka. “Mfanyakazi,” alisema, “akimwona mkubwa ndipo anaanza kazi. Anayeacha kazi akimwona mkubwa ni mchimbaji asiye na kibali.”

Fundi akageuka kumtazama kwa heshima mpya. “Ni hivyohivyo, Papa. Iko muntu anachimba ndani.”

“Anachimba nini?”

“Franka.”

“Ya nani?”

“Yake.”

Ilibidi tuelezwe polepole. Kuna sarafu za kidijitali ambazo hupatikana kwa kuifanyisha kompyuta hesabu nyingi mno, na kazi hiyo wenyewe huiita uchimbaji. Bitcoin siku hizi inataka mitambo maalumu na umeme mwingi. Hata hapa kwetu Kongo, Hifadhi ya Virunga ilianza kuichimba mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro. Lakini iko sarafu nyingine, Monero, iliyoanza mwaka 2014, na tangu Novemba 2019 kanuni zake zimepangwa makusudi ili prosesa ya kawaida kama yetu iweze kushindana. Tena Monero humficha anayelipwa. Kwa hiyo mwizi hana haja ya kununua mtambo hata mmoja. Anatengeneza programu ndogo inayojificha, anaisambaza katika sebule za watu duniani kote, na kila sebule inamchimbia kwa umeme wake yenyewe. Programu iliyoandikwa vizuri inachungulia: ikiona umefungua ile orodha, inalala, ukiifunga, inaamka.

Nilidhani Baba Mkubwa angekasirika. Kumbe alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu kompyuta iingie nyumbani, ilikuwa ikifanya jambo analolielewa. Akatukumbusha Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi, ambako mwaka 2014 watu waligundua kwamba wanalala juu ya madini ya kobalti, wakaanza kuchimba uani, kisha jikoni, kisha sebuleni, hadi mashimo yakakutana chini ya vitanda. “Lakini Kasulo,” alisema, “mwenye nyumba alijua shimo liko wapi. Na alikula fungu lake.”

Hapo likazuka suala la fungu. Sheria ya madini ya 2018 anaijua kama wengine wanavyojua matokeo ya mechi za Mazembe. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo, na mrabaha wake ukawa asilimia 10. Juu ya hapo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya jamii inayouzunguka mgodi. Baba Mkubwa akatutazama tulivyosimama kuizunguka kompyuta. Akatuhesabu, pamoja na jirani.

Jirani huyo ana kijana anayesoma sheria Unilu, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, na kijana hakutaka kupitwa. Akatueleza kwamba nchi ina Kanuni ya Dijitali, amri-sheria ya tarehe 13 Machi 2023, na kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa. Baba Mkubwa akataka kujua mshtakiwa anakaa komuni gani. Kijana akanyamaza, na kwa kweli hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika fani hii.

“Kwa siku anapata ngapi?” Baba Mkubwa akamuuliza fundi.

“Kwa mashini kuukuu kama hii? Senti chache za dola. Zikifika.”

“Senti? Ndizo anatukosesha usingizi?”

“Papa, yeye iko na mashini elfu na elfu.”

Baba Mkubwa akafikiri, kisha akapendekeza tumfukuze huyo mtu, tuchimbe wenyewe. Fundi alipiga hesabu ya umeme na ya feni mpya, akaonyesha kwamba tungekula hasara kila siku. Mchimbaji anapata faida kwa sababu gharama zote ni zetu. Baba Mkubwa alikubali hoja hiyo bila ubishi wowote. Alisema ameiona mahali pengine.

Ikabaki kujua mchimbaji alipitia wapi. Fundi alifungua mipangilio ya antivirusi, ile Defender inayokuja pamoja na Windows, akaingia katika orodha ya vitu ambavyo mlinzi ameambiwa asivikague. Wengi wetu hatujawahi kuifungua orodha hiyo, na wanaotengeneza programu za namna hii wanalijua hilo. Kwetu ilikuwa na mstari mmoja tu: diski C, yote. Mlinzi yupo, mshahara anapokea, alama ya kijani inawaka, ila ameruhusiwa asitazame nyumba.

Macho yote yakamgeukia mpwa wangu, ambaye tayari alikuwa amepata shughuli nje. Alipoletwa alieleza kwa sauti ndogo. Windows ilikuwa ikimwandikia pembeni ya skrini kwamba haijalipiwa, maandishi yakamkera. Rafiki yake akampa programu ya kuyaondoa. Video ya maelezo ilisema uzime antivirusi kwanza. Naye akazima. Hata hivyo si wa kwanza. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, mojawapo ya programu hizo za kuidanganya Windows, zilivyobeba Cryptbot, mwizi wa maneno ya siri. Sisi tulipata mchimba sarafu. Kuna waliopata mchimba akaunti. Mtu akikwambia umfunge mbwa kabla hajaingia, angalau muulize anakuja kufanya nini.

Ila siwezi kumtwika mpwa wangu mzigo wote, kwa sababu tatizo la kompyuta ya nyumbani katika mji huu ni kubwa kuliko kijana mmoja. Maelekezo yote ya usalama niliyowahi kusoma yameandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, mwenye kompyuta moja, asiye na ukoo. “Usichomeke kle ya USB usiyoijua ilikotoka.” Vizuri sana. Sasa shemeji ametoka Ruashi, amebadilisha taksi-basi, amefika na jasho, na mkononi ana kle yenye picha za matanga ya mama yake. Mwambie kle yake huijui ilikotoka. Itaitishwa mikutano miwili ya familia, na wa pili utakudai mbuzi.

Na kle ya shemeji imetembea. Imepita katika vibanda vya kuchapisha na kufotokopi, vile ambavyo wanafunzi wanajipanga kutoa kazi zao za kumaliza masomo, ambako kompyuta moja kwa siku hupokea kle za wilaya nzima. Nasema hivi bila dharau, nami ni mteja wao. Lakini watafiti wa Mandiant walieleza mwaka 2023 habari za Sogu, programu ya kijasusi waliyoihusisha na China, iliyosafiri kwa kle na kuyakamata mashirika makubwa kupitia ofisi zao za Afrika, Zimbabwe, Kenya na Tanzania zikiwemo. Na miongoni mwa mahali walipopashuku ni vibanda hivyohivyo na mikahawa ya intaneti. Majasusi wenye bajeti ya taifa walitazama ramani ya dunia wakaona kwamba njia rahisi ni foleni ya fotokopi.

Ile aina ya kawaida zaidi haina ujasusi wowote. Unafungua kle, mafolda yako yote yamekuwa njia za mkato, zenye mshale mdogo kwenye kona. Folda halisi ipo palepale, imefichwa tu. Ukibofya ule mshale, mambo mawili yanatendeka: virusi vinaamshwa, na folda yako inafunguliwa kama kawaida, usije ukashuku. Ndiyo maana watu hukaa na ugonjwa huo mwaka mzima huku wakisema kle yao “iko na kamshale tu”. Dawa ya kwanza haigharimu franka moja: iambie Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa na viishio vya majina. Hapo utaona kwamba “picha ya harusi” inaishia na .exe, na hakuna bibi harusi wa namna hiyo.

Turudi kwa mchimbaji wetu. Kumfukuza kulikuwa na matatizo ya mahali petu. Ukaguzi kamili wa antivirusi katika diski kuukuu unachukua saa nyingi, na umeme wetu hauna tabia ya kusubiri. Ukifika nusu, giza. Ukiwaka, unaanza upya. Tena antivirusi ilitaka kwanza kupakua orodha mpya ya virusi, zaidi ya mega mia, nasi mega tunazinunua kwa kuzihesabu. Fundi akasema orodha hiyo inaweza kupakuliwa kwake na kuletwa. Tukamuuliza italetwa na nini. Akatoa kle mfukoni. Nyumba nzima ikapiga kelele.

Kilichotuokoa ni ukaguzi mwingine ambao Defender inao na watu wengi hawaujui, ule unaofanyika nje ya Windows. Kompyuta inazimwa na kuwashwa tena, na ukaguzi unaanza kabla Windows haijaamka, ili mwenye kujificha asipate mahali pa kusimama. Unachukua kama robo saa. Robo saa ya umeme hata sisi tunaipata. Alikutwa, akaondolewa, na ile ruhusa ya diski C ikafutwa.

Fundi, ambaye ni mtu mwaminifu, alisema hawezi kuapa kwamba mchimbaji ameondoka na ndugu zake wote, kwa hiyo bora kusafisha diski na kuanza upya. Lakini Windows 10 tuliyokuwa nayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa changa kuliko yetu, ambayo ilipita mpaka wa Kasumbalesa ikiwa tayari na maisha yake ya nyuma huko ilikotoka. Tukahifadhi nyaraka na picha, programu hatukuchukua hata moja, akatuwekea Linux, bure na halali. Mpwa wangu aliulilia mchezo wake. Baba Mkubwa alilalamika kwamba herufi zimebadilika sura. Feni haikusema kitu.

Linux nayo ina wachimbaji wake, nisije nikamdanganya mtu. Kwa hiyo tulibadilisha pia serikali ya nyumba. Kila mmoja ana akaunti yake ya kawaida, isiyoweza kusakinisha chochote. Akaunti ya msimamizi ina neno la siri, na neno hilo analo mke wangu. Anayetaka programu mpya anakwenda jikoni, anasimama mbele yake, anaeleza ni ya nini, imetoka wapi na kwa nini ni ya bure. Sijaona antivirusi inayomkaribia. Mpwa wangu alifika na ombi lake mara moja, akaulizwa maswali matatu, akaishia kumenya mihogo.

Baba Mkubwa bado anaamini kwamba tunadaiwa fungu. Ameandika barua, kwa mkono, na ameacha nafasi tupu pale panapotakiwa anwani ya mpokeaji.

Nawe msomaji, ukipita Katuba, karibu kwetu: bukari, yaani ugali, ipo, na umeme ukiwepo tutatazama mpira pamoja. Kle yako iache mfukoni. Picha zitume kwa simu, nami nitakurudishia mega zako.