Diploma Inapobisha Hodi Chuo Kikuu

Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya 2014, hupanga vyeti vya Kenya kwa ngazi: diploma daraja la 6, shahada la 7. Kwenye karatasi, kijana wa Kawangware aliyehitimu diploma amebakiza hatua moja tu. Hapo ndipo baadhi ya vyuo vikuu vya binafsi huingiwa na usahaulifu wa ajabu. Pesa za kijana huyo huzitambua papo hapo, bila kuuliza zimetumwa kwa M-Pesa ya nani; somo la uhasibu lililotahiniwa na Baraza la Mitihani (KNEC) halitambuliki mpaka lirudiwe, kwa karo mpya. Tena mwombaji hudaiwa alama zake za mtihani wa sekondari, KCSE, kana kwamba tangu kidato cha nne alikuwa amelala.

Watajibu kwamba wanalinda viwango. Sawa, vyuo vya diploma havilingani, na vingine mitaani ni bango na viti tu. Basi wamtahini mwombaji: akifaulu apite, akishindwa arudie. Lakini mtihani wa siku moja haulipiwi karo ya muhula mzima, na (hapa nakisia kwa nia mbaya) labda hiyo ndiyo kasoro yake.