Makofi kwa Mtafiti

Kila Nane Nane, mgeni rasmi hupita kwenye banda la watafiti, akainua muhogo mnene kama paja la mtoto, akatabasamu mbele ya kamera na kuuliza, "Huu kweli ni wa kwetu?" Makofi! Msafara ukishaelekea kwenye nyama choma, mtafiti hubaki akiufuta vumbi muhogo wake. Ndio huohuo wa kuonyesha kesho.

Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi huko Maputo kukipa kilimo asilimia 10 ya bajeti. Mwaka 2014 wakaahidi tena huko Malabo. Ahadi tamu hairudiwi mara moja. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo haukualikwa kwenye vikao hivyo. Ulielezwa na mtafiti Storey huko Amani, Tanga, mwaka 1936, na tangu hapo unaozesha mihogo bila kusubiri fungu la fedha wala posho ya kikao.

Kuzalisha mbegu bora huchukua miaka. Bajeti huzaliwa Julai, ikafa Juni. Basi waheshimiwa, punguzeni makofi, ongezeni fungu. Mkulima hapandi picha.