Mguu wa Nani Huu?

Nyumbani kwetu Kibaha gazeti la Sani lilikuwa na sheria yake: asiyechangia hela ya kulinunua haruhusiwi kucheka. Kaka mkubwa ndiye aliyeitunga, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na hela. Sisi wadogo tuliruhusiwa kuchungulia juu ya bega lake mradi midomo ifungwe. Aliyewahi kufuatilia vituko vya Madenge atanielewa nikisema kwamba afadhali tungenyimwa kabisa. Dada yangu alijifunza kucheka kwa mabega. Mimi fani hiyo ilinishinda: chai ya rangi ilinitoka puani ikamwagikia ukurasa wa katikati, na tangu hapo nikahesabiwa mdaiwa wa gazeti zima, na riba yake ikawa kuosha vyombo zamu mbili.

Baba hakuwa na habari na Sani. Yeye alikuwa mtu wa Chakubanga, kibonzo cha Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, na aliamini kwamba baada ya Chakubanga nchi hii haikuchora tena kitu cha maana. Sani aliliita gazeti la wahuni. Hata hivyo kila lilipopotea sebuleni lilionekana chooni, na baba alikaa humo muda ambao hakuna daktari wa Tumbi angeweza kuueleza.

Kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi niseme kidogo. Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, wakaunganisha mianzo ya majina yao, gazeti likapata jina. Lilikuwa na hadithi za kusoma pia, lakini kwetu hizo zilikuwa akiba ya siku za mvua. Tuliowafuata ni watu wa kuchorwa: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Komredi Kipepe, Dokta Love Pimbi na huyo Madenge. Kalamu iliyowapa sura hasa ni ya Philip Ndunguru, aliyefariki katikati ya miaka ya 1980 akiwa bado kijana. Wachoraji wengine, John Kaduma akiwamo, wakawachukua wale watu na kuendelea nao. Kijiweni kwetu ubishi ukawa mwingi. Kuna fundi baiskeli aliyeapa kwamba akitazama pua tu anajua nani kachora, na kila alipoapa alikosea, na kila alipokosea aliapa upya.

Nimejiuliza mara nyingi kilichokuwa kinaturudisha ni nini, maana hadithi zenyewe mtu ungeweza kuzikisia mwisho wake ungali kwenye picha ya pili. Nadhani ni kwamba wale watu walikuwa hawaendelei. Madenge hakumaliza shule. Pimbi hakurefuka. Lodi Lofa hakupata kazi ya kuaminika, wala ulodi haukumtoka. Sisi tulikua, tukaoa, tukakopa vikoba, tukaanza kukwepa barabara fulani kwa sababu ya mwenye duka fulani, nao tukawakuta palepale tulipowaacha, wanadaiwa na walewale. Majirani zetu wa Kenya wanalijua hilo: Edward Gitau alimchora Juha Kalulu miongo na miongo, wasomaji wa Taifa Leo wakazeeka naye, na ujuha haukumpungua hata chembe. Mtu akishajirekebisha, nani tena atamnunua?

Tatizo lilikuwa kulipata gazeti. Kibaha iko kilometa 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, na karibu kila cha kusoma kilitufikia kwa basi. Pale Maili Moja kulikuwa na muuza magazeti aliyeyatundika kwenye kamba na kuyabana kwa vibanio vya nguo, kibanio juu, kibanio chini, ili mpita njia aone jalada tu. Nilijaribu kuinama, nilijaribu kusubiri upepo. Siku moja upepo ukaja kweli, kurasa zikajifunua, nikapata picha tatu za Ndumilakuwili kabla mkono wa mzee haujatua juu ya karatasi.

"Mdogo wangu," akaniambia, "maktaba iko kule Shirika."

Alikuwa na haki. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, lilikuwa limetupa shule, tiba na maktaba. Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi zilikaa kikao kwa ajili yetu na zikafikiria mengi, hata ufugaji wa kuku. La vibanio vya nguo halikuwafikia.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Shule yenyewe siitaji. Mwalimu wa zamu alininyang'anya Sani katikati ya kipindi, akalikunja, akaliweka mfukoni kwa sura ya mtu anayebeba ushahidi. Kipindi kilichofuata tulimsikia akicheka peke yake ofisini, kicheko kile cha kuanza, kuzima, kisha kuanza tena. Baada ya muda nikaitwa. Darasa zima lilinitazama kwa huruma. Mwenzangu wa dawati akanikopesha sweta niivalie chini ya shati. Nikaingia ofisini nikiwa nimenenepa ghafla.

Mwalimu akafunga mlango. "Lile lilikuwa na 'itaendelea'," akasema kwa sauti ya chini. "Mwendelezo wake unao?"

Nikamwambia bado sijanunua, sina hela. Akatoa hela. Tangu hapo nikawa msomaji pekee wa Sani aliyefadhiliwa na walimu, nami niliitunza siri ile na sweta ile pia, ambayo mwenyewe alikuja kuidai tukiwa darasa jingine.

Nilipoanza kujitegemea nikahamia kusoma saluni. Kinyozi wangu wa Kwa Mathias alikuwa na rundo la Sani za zamani chini ya kioo, nyingi hazina jalada, nyingine zinaanzia ukurasa wa tano, na ukiwa kwenye foleni unachukua yoyote. Kosa la kinyozi lilikuwa kuniruhusu niendelee kusoma hata nilipokaa kwenye kiti. Mashine ikiwa juu ya sikio la kushoto, mimi nikafunua ukurasa nikakutana na Lodi Lofa matatani. Nilijizuia kadiri ya uwezo wangu. Mabega yakanisaliti.

"Kaka," kinyozi akasema akiwa amesimamisha mashine hewani, "ukicheka mimi nalima."

Alikuwa ameshalima. Tuta moja safi, kutoka sikioni kupanda utosini. Tulijadiliana kwa muda, tukakubaliana kwamba dawa ni kunyoa chote. Nikatoka saluni na kipara kinachong'aa, na sikufika mbali. Mama mmoja jirani yetu akanisimamisha barabarani, mkono kifuani.

"Jamani, pole baba. Nani katutoka?"

"Lodi Lofa," nikamjibu, kwa hasira za kipara.

"Maskini! Msiba uko wapi?"

Jioni ile alikuja nyumbani na mchele kilo mbili kwenye mfuko wa rambo na wanawake wengine wawili waliokwisha kujifunga kanga. Mke wangu ndiye aliyewapokea. Mchele haukurudishwa; ilionekana ni utovu wa adabu. Lakini kuna watu mtaani kwetu hadi leo wanaamini nilikuwa na mjomba aliyeitwa hivyo.

Sasa nije kwenye la Kisarawe.

Kibaha na Kisarawe ukizitazama kwenye ramani ni wilaya zilizopakana, zote za Mkoa wa Pwani. Basi halitazami ramani. Ipo njia ya kukatisha kutoka Mlandizi kwenda Mzenga na Maneromango, na masika ikinyesha njia hiyo wanaijua trekta na waganga. Sisi wengine tulishuka hadi Dar es Salaam, tukahama basi, tukahama tena Gongo la Mboto, kisha tukapanda vilima vya Pugu kupitia msituni ndipo tukaibukia Kisarawe. Yaani kumsalimia mama mkubwa aliye mkoa wako, lazima ukatize mkoa wa watu wengine.

Siku hiyo nilikuwa natoka kwake, nimepakiwa mihogo na korosho, nikasimama stendi ya Kisarawe kusubiri gari. Kando yangu kulikuwa na bibi anauza karanga za kukaanga kwenye ungo. Karatasi zake alikuwa amezikata kwa kisu, kila ukurasa vipande vinne, amezirundika chini ya jiwe. Nikanunua karanga za hamsini. Nikatia chache mdomoni, nikaangalia kikaratasi, na meno yakasimama.

Kilikuwa kipande cha Sani. Kwenye kona ya chini kulikuwa na mguu mmoja tu, umevaa kiatu kilichotoboka kidole, uko hewani katikati ya mbio, nyuma yake vumbi, na juu yake nusu ya ukelele: "...MA WEEE!" Mwenye mguu alikuwa amekatwa na kisu cha bibi kwenye nyonga.

"Shikamoo bibi. Naomba nyingine za hamsini, ila unifungie kwa karatasi ile ya pili."

"Marahaba. Hii?"

"Siyo, iliyo chini yake."

"Karanga ni zilezile, mjukuu wangu."

"Najua, bibi. Nataka karatasi."

Bibi akarudisha mkono kwenye ungo, akanitazama vizuri kuanzia viatu. "Wewe ni bwana afya?"

Nikamwapia kwamba si bwana afya wala sina undugu naye. Nikamwomba basi aniuzie rundo zima la karatasi. Akakataa. "Nikikuuzia karatasi, karanga nitawafungia watu kwenye kanga yangu?" Hoja hiyo sikuwa na jibu lake. Tukapatana kwamba karatasi zitatoka, lakini kila moja na karanga zake. Nikakaa kwenye mfuko wa mihogo, nikawa nanunua, nafungua, namwaga karanga mfukoni, napanga vipande juu ya paja. Nikapata mlango. Nikapata ndoo. Nikapata kichwa cha Pimbi, lakini kilitoka toleo jingine na hakikuhusika. Nikapata tangazo la sabuni. Watoto wa stendi wakanizunguka wakidhani ni karata, mmoja akaweka hela. Chumvi ilikuwa imeingia kwenye picha zote, na mifuko ya suruali ikaanza kushuka kwa uzito wa karanga.

Bibi mwenyewe ndiye aliyenionea huruma. "Kuna kijana alinunua kabla yako," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Yule, anaingia kwenye kipanya."

Nikabeba mihogo, nikakimbia, nikadandia. Kijana alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mashavu yanafanya kazi. Nilijibana pembeni yake nikangoja hadi tulipoanza kuteremka, nisionekane wa ajabu.

"Samahani ndugu yangu. Kile kikaratasi cha karanga, bado unakitumia?"

Akavuta begi lake karibu. "Nakitumia kivipi?"

"Kukisoma."

Abiria wa mbele wakageuka. Konda akasema mwenye lake moyoni aseme mapema, gari halirudi. Kijana akaniambia karanga zilikwisha, anazotafuna ni za mfukoni, karatasi amekwisha kuitupa dirishani pale kwenye kona, msituni. Msitu wa Pugu ni wa hifadhi, haukatwi hata kijiti, na tangu siku hiyo unamhifadhi na mtu mmoja asiye na mguu.

"Uliisoma lakini?"

"Niliangalia angalia."

Nikampa kipande changu. Akakishika kwa mikono miwili, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakodoa. Uso ukaanza kubadilika taratibu. Kisha akapasuka kicheko, kicheko cha mtu aliyeona picha zote mbili, akapiga kiti cha mbele kwa kiganja, akasema, "Kumbee! Kumbe ndiyo maana yule mama—" halafu akaishiwa pumzi, akacheka tena, machozi yakamtoka, na konda akagonga bodi, "Gongo la Mboto, mwisho wa gari, tushuke, tushuke!"

Watu wakasimama wote kwa pamoja. Mihogo yangu ikanibana. Nilipojinasua, kijana alikuwa amekwisha kuruka chini na kumezwa na soko, na mguu wangu ameondoka nao.

Nimetafuta toleo lile saluni, kwenye mabaki ya kaka mkubwa, hata kwa yule mwalimu, ambaye sasa ni mstaafu na anafuga kuku wa mayai. Alinisikiliza kwa makini, akaniuliza kiatu kilitoboka kidole gani.

Nyumbani kwangu sasa anakaa mpwa wangu, anasoma katuni za Kijapani kwenye simu. Inaitwa One Piece, ya maharamia, kachora bwana mmoja anaitwa Eiichiro Oda. Nikamwambia zama zetu hadithi ilikuwa ndefu, ikakata hata matoleo matano. Akanijibu kwa upole kwamba hii ilianza mwaka 1997, imepita vitabu 100, na haijaisha. Kijana mwenyewe ilipoanza alikuwa hajazaliwa. Nikavuta kiti. Akanionyesha nahodha wao, kavaa kofia ya majani, mwili wake unavutika kama mpira, kaajiri genge la watu wasiofaa kuajiriwa. Hapo nikaona tuko nyumbani. Tukasoma hadi usiku, yeye akitafsiri, mimi nikitetea wasiostahili. Nahodha akanyanyua ngumi, mkono ukarefuka ukatoka nje ya picha, mpwa akasukuma skrini kwa kidole, na skrini ikabaki nyeupe na kiduara kinachozunguka.

"Imekuwaje?"

"Bando limekata, anko."

"Ngumi imempata nani?"

"Ndiyo iko ukurasa wa mbele."

Duka la vocha lilikuwa limefungwa. Nilimgongea mwenyewe dirishani hadi akaamka, akauliza kuna mgonjwa. Nikamwambia ndiyo.