Kupe wa Chui na Krismasi ya Uru

Wifi yangu ndiye aliyemwona wa kwanza. Walikuwa wamefika jana yake kwa basi la kutoka Dar es Salaam, yeye na wanawe, kama Wachaga wanavyopanda mlimani kila Desemba, na nyumba yetu ya Uru ilikuwa imejaa magodoro hadi sebuleni. Asubuhi alipovuta pazia akakuta kidude cha kijivu, kinene kama mbegu ya mbarika, kinaupanda ukuta polepole kuelekea darini. Mwanawe akakigusa kwa kidole. Kikakunja miguu. Wifi akapiga yowe, na nyumba nzima ikaamka.

Hakuwa mmoja. Nyuma ya picha ya harusi walijibana wadogo wa rangi ya udongo, na penye ufa kati ya lipu na fremu ya mlango walikuwapo wengine. Chui, mbwa wetu wa kienyeji mwenye mabaka, alikuwa barazani akijikuna. Nilimkunjua sikio moja nikatazama ndani: kupe wamejipanga kwenye mikunjo, wakubwa na wadogo, na ngozi ilikuwa nyekundu pale waliponing'inia. Kati ya vidole vya miguu walikuwapo pia, na chini ya ukanda wa shingoni, na kwapani. Mbwa huyu ndiye anayezunguka kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, usiku kucha sisi tukiwa tumelala. Niliumia.

Babu, yaani baba mkwe wangu, alitoa hukumu kabla chai haijachemka. "Ni yale majani ya tambarare." Ng'ombe wa kihamba halishwi nje, hula zizini, migomba iliyokatwakatwa na majani yanayoletwa kutoka chini, upande wa pili wa mji wa Moshi, zamani kichwani mwa akina mama na siku hizi kwenye pikipiki na pick-up. Kupe Babu anawajua. Ndigana kali imewahi kumwondolea ndama, na josho hakuwahi kulikosa tangu ujana wake. Ila kwake kupe ni habari ya ng'ombe. "Mbwa atajilamba," alisema.

Basi kikakaa kikao barazani, na kila mmoja akaja na dawa yake. Mmoja alisema mafuta ya taa, mwingine majivu na tumbaku. Mpwa wangu wa kidato cha pili hakungoja kikao kiishe: aliwasha kiberiti, akakizima, akamgusisha kupe wa sikioni kwa kile kichwa cha moto. Kupe hakuachia. Aliyeungua ni Chui, akaruka, akakatiza jikoni, akapita katikati ya mafiga, na sufuria ya machalari iliyokuwa ya wageni ikalala chini na ndizi zake na nyama yake. Watoto walilia. Chui alijificha chini ya banda la kuku, hakutoka hadi jioni.

Mchana shemeji alirudi kutoka mjini na chupa ya dawa ya josho, na tayari alikuwa ameimimina kwenye ndoo akikadiria kwa macho. Hapo nilisimama. Dawa ile ina amitrazi. Imetengenezwa ichanganywe kwa vipimo kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe hakai akijilamba mwili mzima kama mbwa. Mbwa akipakwa iliyo kali hulegea, mapigo ya moyo hupungua, na anaweza kupoteza fahamu. "Shemeji, naomba hiyo ndoo ikae pembeni tumngoje mtaalamu," nilimwambia, naye, Mungu ambariki, alikubali bila ubishi. Wifi naye alikuwa na chupa ya matone ya mbwa aliyopewa na jirani yake huko Dar. Nilisoma karatasi yake: permethrini. Dawa hiyo mbwa anaistahimili, lakini paka inamuua, na paka wetu hulala amejibanza tumboni mwa Chui kila usiku wa baridi. Nayo ikarudi mkobani.

Siku ya Krismasi ilichinjwa mbuzi. Nilimpelekea Chui mfupa wenye nyama nikidhani nampoza kwa yaliyompata. Aliunusa, akageuza kichwa. Nilimfunua mdomo: ufizi ulikuwa mweupe. Baadaye alikojoa kwenye mgomba, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya kahawa. Sikumsubiri mtu aniambie jambo jingine. Nikampigia daktari wa mifugo.

Alikuja kesho yake kwa pikipiki, bado ikiwa sikukuu. Alimchoma Chui pembeni mwa sikio, akachukua tone la damu, akalipakaza kwenye kioo, akashuka nalo mjini. Baada ya saa chache akapiga simu: babesia. Ni vijidudu vinavyoletwa na kupe, huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Ndiyo maana ufizi hukosa rangi na mkojo hugeuka. Alirudi na sindano kabla ya jua kuzama.

Tukiwa tumemshika Chui, daktari alitusimulia habari ya simba, nami nimeibeba tangu hapo kwa sababu ilimnyamazisha Babu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikufa karibu theluthi yao kwa virusi vya distempa, na mwaka 2001 wale wa kreta ya Ngorongoro wakapigwa vilevile. Watafiti waliokuja kuzichunguza sampuli za damu waligundua kwamba virusi hivyo vilikuwa vimewahi kupita kwa simba hao bila kuua wengi. Tofauti ya safari hizi mbili ilikuwa ukame. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe, simba wakawala, na babesia ikapanda damuni mwao kwa wingi wakati uleule distempa ikiwavunja kinga. "Kama simba analala chini kwa kupe, Mzee," daktari alisema, "huyu Chui ni nani?" Babu alivuta kiti chake karibu.

Kisha akatufundisha kung'oa. Alimlaza Chui kwenye gunia juani, akaomba kibanio cha nyusi, wifi akatoa chake. Alizitenga nywele kwa vidole viwili hadi ngozi ikaonekana, akamshika kupe pale mdomo unapoingia kwenye ngozi, si tumboni, kwa sababu tumbo likiminywa uchafu wake hurudi ndani ya mbwa. Halafu akavuta kwenda juu, wima, kwa nguvu ile ile, bila kushtua wala kuzungusha. Ngozi iliinuka kidogo ikawa kama kihema, ikakaa hivyo kitambo, kisha kupe akaachia na ngozi ikarudi mahali pake. Akamtumbukiza kwenye kichupa cha spiriti. Moto na mafuta ya taa, alieleza, humchokoza kupe akatema mate zaidi ndani ya kidonda, na mate ndiyo yanayobeba ugonjwa. Wala kupe hapasuliwi kwa kucha. Mpwa wangu ndiye aliyepewa kibanio baada yake, na alifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa, akiongea na Chui kwa sauti ya chini hadi kichupa kikawa cheusi.

Lakini neno kubwa lilikuja mwishoni. "Mama," daktari aliniambia, "hapa mmetoa wachache. Wengi wako ukutani." Wale wa kahawia waliokuwa sebuleni si kupe wa majani ya tambarare. Ni kupe wa mbwa hasa, anayependa nyumba. Jike hunyonya kwa wiki moja hivi, huvimba, hudondoka, hupanda kutafuta ufa, huko akataga mayai elfu kadhaa na kufa. Watoto hutoka na miguu sita, hushuka kumtafuta mbwa, hunyonya, hudondoka tena, hujificha wabadilike. Hivyo mara mbili kabla hajawa mkubwa, na kila mara anarudi ukutani. Mkubwa asiyepata damu anaweza kusubiri zaidi ya mwaka. Ukimwogesha mbwa pekee, ukaacha mahali anapolala, umewapunguza tu.

Kesho yake nyumba iligeuzwa. Magodoro juani, picha zikashushwa, gunia la Chui likachomwa. Shemeji alichanganya saruji akaziba nyufa zote za baraza na milango, kazi aliyoifanya vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua. Banda la mbwa lilimwagiwa maji yanayochemka, likapuliziwa dawa tuliyoelekezwa, na Chui akawekwa mbali hadi lilipokauka. Na kazi hiyo hairuhusiwi kuwa ya mara moja, kwa kuwa mayai hayadhuriki kirahisi; imerudiwa.

Siku hizo mtoto wa wifi alichemka mwili. Mama mkwe alisema ni malaria, anunuliwe dawa dukani. Nilisisitiza apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba nyumbani kuna kupe. Nina sababu. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa KCMC na Mawenzi, hapa hapa Moshi. Zaidi ya nusu walidhaniwa wana malaria. Iliyothibitika ilikuwa ya wagonjwa 14 tu. Na kati ya magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama waliyoyapata, wagonjwa 36 walikuwa na riketsia za kundi ambalo kwetu huenezwa na kupe. Homa hiyo ina dawa, ila sharti mtu aiwazie. Mtoto alipimwa, ikawa ni mafua, tukashukuru.

Chui alianza kula kabla ya mwaka mpya, kwanza uji wa dagaa, kisha akaanza kudai. Sasa anapewa kidonge cha kutafuna kinachoua kupe anapoanza kunyonya. Kipo cha mwezi mmoja, na kipo kinachofika wiki 12, mradi apimwe uzito kwanza. Kila jioni mtu mmoja humpitisha vidole masikioni na kwapani. Bei ya kidonge ilizua maneno. Babu aliuliza ni mbwa gani anayekula hela ya karo, nami nikamjibu kwa heshima kwamba tulilipa zaidi kwa sindano na safari za daktari.

Wageni waliporudi Dar, wifi aliondoka na jina la kidonge kwenye simu yake, kwa ajili ya mbwa wa jirani. Wiki iliyofuata Babu alinituma mjini kununua chumvi ya ng'ombe. Nilipofika getini akaniita nirudi. Alitaka nimwulize daktari kama kidonge kile kinamfaa mbwa wa kaka yake, pale kihamba cha juu, kwa maana amemwona naye anajikuna, na kwamba hela ataitoa yeye ndizi zikiuzwa.