Mboga ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipotua Minnesota kutoka Dodoma, hakuulizia maduka. Kesho yake nilimkuta ameinama kwenye nyasi za jirani, anachuma.

"Mama, hayo magugu."

"Magugu kwa nani?"

Mkwe habishani. Nikatoa simu. Programu ya kutambua mimea ikasema ni jeranio. Picha ya pili, ikasema ni mnanaa mwitu utambaao. Ya tatu ikataka nilipie kwanza. Upindo wa kanga ulishajaa nusu.

Kweli jani lenyewe linachanganya: la mviringo, lenye mikunjo, kwenye kikonyo kirefu. Lakini mnanaa ule una shina la pembe nne, majani yake hutazamana mawili mawili, na ukiyafikicha yananukia. Haya yalipishana, na hayakunukia kitu. Maua yalikuwa na petali tano zilizopauka, kila moja ina pengo nchani, na katikati nyuzi za chavua zimeungana kuwa kinguzo kimoja, sawasawa na kwenye ua la bamia. Vitunda vilikaa kama viboga vya kuchezea watoto wa sisimizi. Ni Malva neglecta, wa ukoo mmoja na bamia, pamba na mbuyu. Si mwenyeji wa Marekani, katoka ng'ambo kama mimi, ila yeye hakuhojiwa ubalozini.

Mama mkwe hakuhitaji yote hayo. Alisaga jani kwa vidole, akavitenganisha, ute ukavutika.

"Mlenda," akahukumu.

Jirani akatoka anatabasamu. Mzizi wa gugu hilo huzama chini sana, umemtoa jasho miaka yote, leo kapata mama wa kumpalilia bure! Nikamuuliza kama amepuliza dawa. Akaonyesha kwa fahari: wiki iliyopita, bustani nzima.

Nikatafsiri.

"Mboga kaipiga sumu?" Mama mkwe akakung'uta kanga palepale, mbele ya viatu vya mwenye nyumba, ambaye alishukuru tena.

Ikabidi nimpeleke nyuma kwetu. Huko malva ilikuwa imetanda ukuta kwa ukuta, haijaguswa na dawa wala chuma. Mama mkwe akashika kiuno. Magadi alikuwa nayo begini, yaliyovuka forodha kwa miujiza, karanga nilikuwa nazo mimi.

"Kumbe binti yangu kaolewa na mkulima," akasema. Sifa ya kwanza tangu nitoe mahari.

Mke wangu, anayejua mashine ya kukatia nyasi imekufa tangu Mei, akaenda kubandika sufuria.